Vitabu Tulivyogawana Mwisho wa Matanga

Nguo za mdogo wangu hazikutosha ndugu. Hilo ndilo lililoanzisha mambo haya yote, na sidhani kuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kwetu, matanga yakiisha na watu wakishanyoa nywele, vitu vya marehemu hutolewa nje na kuwekwa juu ya mkeka, na kila ndugu hupewa chake cha kumkumbukia. Mtu mwenye nyumba yake akifariki huwa kuna vitenge, mashuka, sufuria, hata kuku. Mdogo wangu alikuwa mwanafunzi. Alikuwa na magauni machache, sketi mbili za kuendea darasani, viatu vya chini na mkoba. Shangazi yetu, dada yake baba, ambaye kazi ya kugawa ni yake, alizimaliza nguo kabla hajafika nusu ya watu waliokaa. Akaingia ndani, akatoka na boksi la vitabu.

“Huyu ng'ombe wake ndio hawa,” alisema. “Tugawane.”

Aligawa kwa ukubwa, kama inavyotakiwa. Makaratasi ya kutoa kopi yaliyobanwa kwa pini yalikwenda kwa vijana. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache, hivyo vikaenda kwa watu wazima. Kimoja kilikuwa kinene, cha kijani kilichopauka, na shangazi alipokifungua aliona mhuri mkubwa wa zambarau ukurasa wa mbele, na mwingine katikati, na mwingine nyuma. Shangazi aliishia darasa la pili, lakini mhuri anaufahamu. Kwenye kadi ya kliniki upo, kwenye karatasi ya kuuzia ng'ombe mnadani upo.

“Hiki kina mhuri,” alisema. “Apewe mkubwa.”

Baba mdogo akakipokea kwa mikono miwili. Yeye ndiye mkubwa wa boma letu la Sapiwi tangu baba alipofariki. Shangazi mwenyewe alibaki na kimoja, na mimi nikapewa kimoja chembamba. Nilikuwa nimekaa chini pamoja na mama, nimeshika kitabu changu mapajani, sikukifungua. Ningekifungua ningeona kwamba mhuri ule ulikuwa wa maktaba ya chuo.

Ni lazima nieleze jinsi mdogo wangu alivyosoma, maana bila hivyo mtu hataelewa kwa nini mama alikitaka sana cheti chake.

Tulisoma shule moja ya kata. Mimi nilitangulia, nikamaliza kidato cha nne na sifuri, nikaenda Somanda kujifunza cherehani, na cherehani ndiyo inayonilisha mpaka leo. Yeye alifaulu. Alipopangiwa kidato cha tano mkoa mwingine baba alikuwa ameshafariki, na baba mdogo akasema mbele ya kikao cha ukoo, “Mtoto wa kike anasoma mpaka lini? Akimaliza atakuwa amezeeka, na kila mwanaume atamwona mjinga.” Mama hakujibu kikaoni. Alilima pamba yake, ilipotoka akapanda dengu, na mtoto akaenda shule.

Baada ya kidato cha sita alipata nafasi katika chuo kikuu kishiriki, kusomea ualimu. Baba mdogo akataka kuelezwa maana ya kishiriki. Mdogo wangu akamweleza kwamba ni chuo kilicho chini ya chuo kikuu kingine.

“Kwa hiyo ni ndama,” baba mdogo alisema. “Anafuata mama yake.”

Alicheka, na mdogo wangu naye alicheka, lakini jina hilo lilibaki. Akirudi likizo watu walimuuliza, “Chuo chako cha ndama hakijambo?”

Mwaka wa kwanza alirudi na sapu. Sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyeshindwa somo. Lilikuwa somo la takwimu, na alikuja nalo hadi dukani kwangu, akawa anapiga hesabu kwenye mabaki ya karatasi ninazochorea vipimo. Aliifanya sapu akashindwa. Mwaka uliofuata akalirudia somo lenyewe, akashindwa tena. Wenzake walioanza naye wakamaliza, wakavaa majoho, wakapiga picha na wazazi wao. Yeye akabaki mwaka mwingine mzima kwa ajili ya somo moja. Hapo ndipo maneno yalipoenea Sapiwi kwamba amefukuzwa chuo, na kwamba anajificha mjini kwangu kwa aibu. Mama aliyasikia kisimani, akayasikia kanisani. Alikuwa akija Somanda siku ya gulio ananiuliza kwa sauti ya chini, “Niambie wewe. Amefukuzwa?” Nikamwambia hapana. Akanitazama usoni muda mrefu, kwa sababu anajua kwamba mimi sidanganyi, na hata hivyo alihitaji kuhakikisha.

Somo la takwimu hatimaye alilipita. Ikabaki ripoti ya utafiti. Aliandika juu ya wanafunzi wanaokosa shule msimu wa kuchuma pamba, jambo ambalo sisi wawili tulilifanya kila mwaka bila kujua kwamba linaweza kuandikiwa ripoti. Msimamizi wake, mwalimu wa pale chuoni, alikuwa akiirudisha kila mara. Akaja kumalizia kwangu, na vitabu vyake, akakaa mwisho wa meza yangu ya kukatia.

“Leo kasema sura ya pili ina maneno yangu mengi mno,” aliniambia siku moja.

“Si uyapunguze.”

“Niliyapunguza juzi. Akasema ina maneno ya watu mengi mno.”

“Sasa anataka maneno ya nani?”

“Dada, mimi sijui. Labda yake.”

Ripoti ilikubaliwa. Tulikunywa soda. Wiki iliyofuata aliugua, tukampeleka hospitali, na hakutoka. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Matanga yalipokuwa yamekwisha na mvua zimeanza, rafiki yake wa chuo waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja alinipigia simu. Alikuwa analia. “Dada, jina lake limesomwa kwenye mahafali. Wamelisoma, wakasema marehemu, watu wote wakasimama.” Akaniambia cheti kipo, familia inaweza kwenda kukichukua.

Nilikwenda Sapiwi siku hiyohiyo kumwambia mama. Alikuwa anapanda. Alisimama na jembe, akafuta mikono kwenye kitenge, kama kwamba cheti kipo hapo anapewa.

“Nenda ukakilete,” alisema. “Nataka nikiweke ukutani, kila anayeingia akione.”

Chuo ni safari ya siku nzima kwa basi. Nilikwenda na cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kata. Kijana wa ofisi ya vyeti alizisoma zote mbili, akasimama, akanipa pole kwa heshima. Kisha akaketi mbele ya kompyuta yake.

“Hajaklia,” alisema.

Kuklia ni kupita kila idara ya chuo, kila moja ithibitishe kwamba hudai wala hudaiwi. Mwanafunzi hufanya hivyo kabla ya kuondoka. Mdogo wangu hakuwahi.

“Marehemu anakliaje?” nilimuuliza.

“Unamklia wewe. Hosteli wameshamruhusu. Michezo wamemruhusu.”

“Hakucheza mchezo wowote.”

“Ndiyo maana wamewahi. Imebaki maktaba.”

“Huwezi kuandika kwamba amefariki?”

“Nimeandika. Lakini mfumo haujali hilo, dada. Maktaba wasipobonyeza kwao, kwangu hapafunguki.”

Sikumlaumu. Nilimwona anabonyeza mara kadhaa, akitumaini.

Njiani kwenda maktaba nilionyeshwa msimamizi wa mdogo wangu. Nilikuwa nimemjengea kichwani picha ya mzee mkali. Alikuwa mwanaume wa rika langu, shati limetoka kwenye suruali, amebeba mafaili mkononi. Nilipojitambulisha aliyaweka chini.

“Ripoti yake ilikuwa nzuri,” alisema. “Alikuwa akinilalamikia?”

“Alikuwa akilalamika.”

“Ni haki yake.” Akatazama mafaili yake. “Mimi mwenyewe nasoma bado. Msimamizi wangu yuko mbali, sura yangu ya tatu amekaa nayo tangu mwaka jana, hajibu. Namwambia kila mwanafunzi avumilie. Naona hata aibu kulisema neno hilo.”

Nilikuwa nimekwenda na hasira juu yake tangu Somanda, na sasa sikujua niishushe wapi.

Maktabani alikuwapo mama mmoja wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Akatafuta, akaniambia ni vitabu vitatu. Aliponielezea sura zake nikavijua. Chembamba changu. Cha shangazi. Na kile kinene cha kijani.

“Viwili vya kwanza vikipotea tunaweza kuelewana,” alisema. “Hicho cha kijani hapana. Kinaeleza elimu ya nchi hii ya zamani, hakichapishwi tena, na hapa tunacho hicho kimoja. Walimu wanakigombea. Lakini wewe umefiwa, nitakusaidia. Nenda polisi ukaape kwamba kimepotea. Ukiniletea ripoti ya upotevu nakufungulia siku hiyohiyo.”

“Hakijapotea, mama. Najua kilipo.”

“Kiko wapi?”

“Kwa baba mdogo. Tumevigawana.”

“Mmegawana vitabu vya maktaba?”

“Mwisho wa matanga.”

Alivua miwani. “Kwetu pia tunagawana,” alisema. “Lakini nguo.”

“Nguo hazikutosha.”

Aliirudisha miwani. Akasema basi nivilete.

Kurudi nyuma kuomba kitu ulichogawa matangani ni jambo gumu kuliko safari ya basi. Kwetu kitu kile ni kama mkono wa marehemu, ameshakushika nao. Anayekuja kukidai anaonekana kama anakunyima udugu. Nilianza na shangazi, kwake Lalago, kwa sababu yeye ananipenda. Nilimkuta anaanika michembe ya viazi juu ya jiwe, tukaamkiana kwa lugha yetu.

“Mwadila, shangazi.”

“Mwadila, ng'wanone. Mhola?”

“Mhola duhu.”

Nikamweleza. Alisikiliza huku anatandaza vile viazi kimoja kimoja.

“Kitu cha marehemu huombwa na marehemu,” alisema. “Yeye ndiye kakutuma?”

“Kanituma mama.”

“Mama yako hakuzaliwa kwenye boma letu.”

“Vitabu havikuwa vyake, shangazi. Aliviazima. Ule mhuri ndio wenyewe.”

Hapo aliacha viazi. “Mhuri si wa serikali?”

“Wa maktaba. Maana yake ni kirudi.”

Akaanza kucheka, akajifuta macho. “Kwa hiyo mimi niliona alama ya mwenye mali nikasema apewe mkubwa. Kama ningekuwa mchungaji ningegawa ng'ombe wa jirani.” Akaingia ndani akatoka nacho, amekifunga ndani ya kitenge, hata vumbi hakina. “Basi kumbe mimi sikupewa kitu. Nidai wapi?”

Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha kichwa cha mdogo wangu. Nikakifungua nikampa, akakipokea, akakinusa.

Kwa baba mdogo nilidhani itakuwa hivyo pia. Nyumba yake na ya mama zinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Kitabu kilikuwa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, pembeni ya redio. Nilipiga goti nikamwamkia. Alipokea vizuri. Nikamweleza yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo alikuwa anadaiwa,” alisema. “Watu waliposema hakumaliza, hawakukosea sana.”

“Amemaliza, baba. Cheti kipo.”

“Kipo wapi?”

“Chuoni.”

“Mbona hakipo hapa?”

“Kwa sababu ya hicho kitabu.”

Aliweka kiganja juu yake. “Hiki nilipewa mbele za watu. Wageni wakija nawaonyesha, nawaambia mtoto wetu alikuwa anasoma vitu kama hivi, angalieni unene wake. Leo nikitoe, watu waseme mkubwa wa boma alipewa kitu cha kuazima?”

“Shangazi ametoa chake.”

“Shangazi yako ameolewa Lalago. Aibu ya hapa haimfikii.” Akafikiri. “Sikatai. Cheti kije, kikae humu, kwenye nyumba ya baba zake. Mama yako aje aniambie hivyo kwa mdomo wake, nami nitakupa kitabu sasa hivi.”

Nilikuwa bado nimepiga goti. Sijui nilipata wapi ujasiri.

“Wewe ndiye uliyesema asisome,” nilimwambia.

“Nilisema,” alijibu, bila kukasirika. “Naye akasoma. Sasa yule ni msomi wa boma gani? La nani?”

Nilizunguka ua wa minyaa nikaenda kwa mama. Nikamweleza nikidhani atapiga kelele, lakini hakupiga.

“Siendi,” alisema.

“Mama, ni maneno tu. Kijana wa bodaboda aliyenileta naye anasema, mwambie ndiyo, cheti kikifika ukiweke kwako, atafanya nini?”

“Na wewe unasemaje?”

Niliangalia chini. “Mimi nasema ukimwambia kitakaa kwake, itabidi kikae kwake.”

“Basi siendi. Nilikaa kwenye kikao kile nikanyamaza, nikalima. Sitakwenda kumpa yeye kazi yangu.” Kisha akauliza, “Na hiyo ya polisi?”

“Itanibidi niape kwamba sijui kilipo.”

“Na unakiona kila ukija hapa.”

“Ndiyo.”

“Usiape,” alisema mama.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaimaliza. Nilimkasirikia baba mdogo, ambaye hata si mtu mbaya. Nilimkasirikia mama, kwa kuwa neno moja lake lingefungua kila kitu. Nilikasirikia chuo, kinachomruhusu marehemu michezo na kumzuia maktaba. Na nilikasirika kwamba mtoto aliyerudia somo moja mara tatu bila kukata tamaa, sisi wazima tumeshindwa kumvusha kizingiti cha mwisho ambacho hakihitaji akili yoyote.

Nilirudi chuoni na vitabu viwili. Nilijua havitoshi, lakini si vyangu, ningekaa navyo kwa nini? Mama wa maktaba alivipokea, akavifuta kwenye orodha yake, akauliza cha tatu. Nikamwambia ukweli. Akatikisa kichwa, akasema ataacha nafasi wazi, na kwamba hawezi kubonyeza.

Nikapita ofisini kwa yule kijana. Nikamwomba jambo moja.

“Kukitoa siruhusiwi,” alisema. Aliangalia mlangoni. “Kukiona hakuna aliyenikataza. Ila simu usiitoe.”

Akakileta ndani ya bahasha kubwa, akakiweka juu ya meza. Ni karatasi nzito. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nikakisoma polepole kwa kidole bila kukigusa, maana Kiingereza changu ni cha sifuri. Nilirudia mpaka nikahakikisha hakuna neno nitakaloongeza wala kupunguza. Simu ilikuwa mkobani. Sikuitoa. Watu wengi wameniambia baadaye kwamba mimi ni mjinga.

Nilifika Sapiwi kesho yake mchana. Mama alikuwa anapepeta dengu za mbegu uani.

“Kimeandikwa nini?” aliuliza kabla sijakaa.

“Jina lake. Kwamba amefuzu shahada ya elimu. Daraja la pili, ngazi ya chini.”

“Ngazi ya chini ni kushindwa?”

“Hapana, mama. Ni kufaulu. Kuna wengi walio chini yake.”

“Na zile sapu?”

“Hazijaandikwa.”

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. “Hazijaandikwa,” alirudia. “Jina lake wameliandika vizuri, yote?”

“Lake, la baba, la babu.”

“Na mimi?”

“Hawaandiki mama. Kwa mtu yeyote hawaandiki.”

Alipepeta ungo mara chache, akatoa kijiwe, akakitupa. Ng'ambo ya minyaa redio ya baba mdogo ilikuwa ikitangaza bei ya pamba, na alikuwa na wageni, tuliwasikia wakiongea.

“Daraja la pili,” mama alisema. “Waliosema amefukuzwa, nani atawaambia?”

“Nitawaambia mimi. Mmoja mmoja.”

“Wewe watakuamini, wanajua hudanganyi.” Akaniangalia. “Lakini watataka kukiona.”

Nilivuta ungo mwingine, nikaanza kupepeta.